Chupa Mbili na Mwizi wa Sabuni

6 Februari

Mwanangu, mtunza boila wangu,

Mimi mzima. Magoti ndiyo yananung'unika asubuhi, lakini yakishapata maji ya moto yanakaa kimya. Paka amezaa wanne ndani ya kikapu cha nguo za kupiga pasi, na mpaka leo natumia kikapu cha kuazima. Fundi viatu, jirani yetu, anakusalimu na kukuomba blanketi moja la kiwandani kwenu, la yale yaliyokosewa rangi. Msalimu mumeo, wasalimu watoto, hata yule mbwa wenu mwoga.

Simu unajua sina uvumilivu nayo, na hili ni jambo la kueleza taratibu. Sabuni imenigoma. Nimefua nguo za watu tangu marehemu kaka yangu, baba yako, hajaota ndevu, sijapata kuona kitu kama hiki. Nasugua mpaka mabega yanalia, povu hakuna. Likijitokeza kidogo linageuka utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika, linashika kwenye beseni, mikononi na kwenye nguo. Mashuka ya zahanati yaliyokuwa yanang'aa sasa yana rangi ya majivu, tena yamekakamaa. Nimebadilisha sabuni mara tatu. Mwenye duka akiniona naingia anakunja uso kabla sijafungua mdomo.

Wiki iliyopita muuguzi mkuu, yule tunayemwita Bi Miwani, alinirudishia furushi zima. Hakugomba. Aliliweka mezani, akashusha miwani, akasema ananipa mpaka mwisho wa Julai, baada ya hapo mashuka yatakwenda kufuliwa kwa mashine kwingine. Afadhali angegomba.

Birika nalo limeota gamba jeupe ndani, nene kama ganda la yai. Kama birika limekuwa hivyo, tumbo langu likoje? Wewe unashinda na boila, lazima unayajua mambo haya. Maji yenyewe ukiyatazama kwenye glasi ni maangavu. Nimeyachuja kwa kitambaa, nimeyatia shabu, nimeyachemsha. Kazi bure.

Nieleze pole pole, na usinifiche kitu.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mkubwa ameng'oka jino na analionyesha pengo lake kwa kila mgeni. Mume wangu amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama walinzi. Blanketi la fundi viatu nalitafuta, asikate tamaa.

Umemsalimu mpaka mbwa, Shangazi. Kuna mtu mzima humu ndani hukumtaja. Nakwambia bila kuulizwa: Mama hajambo. Barua yako ilipofika aliitazama bahasha, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sasa maji. Maji yanayotoka chini sana ardhini hupita kwenye mawe, na yakipita huyeyusha chokaa na kuibeba. Huioni, kama usivyoiona sukari iliyokorogwa kwenye chai. Hayo tunayaita maji magumu. Kitambaa kinashika takataka, shabu inashusha tope, moto unaua vijidudu, lakini chokaa iliyoyeyuka inapita kote huko. Ni moto tu unaoweza kuiangusha kiasi, na hiyo iliyoanguka ndiyo gamba la birika lako. Tumbo lako usiliogopee. Chokaa ya namna hiyo si sumu, mifupa yenyewe inaitaka. Wewe endelea kuchemsha ya kunywa kama kawaida.

Mwenye kuiogopa ni mimi. Gamba likinenepa ndani ya boila tunachoma mafuta mengi kupata mvuke ule ule, na bomba linaweza kupasuka. Ndiyo maana maji yetu hupitia kwanza kwenye mtungi mkubwa uliojaa punje ndogo zinazonasa chokaa, na punje zikichoka tunazisuuza kwa maji ya chumvi.

Na sabuni: ikikutana na chokaa haifui. Inashikana nayo kwanza na kuwa ule utando wa kijivu. Mpaka chokaa yote iishe ndipo sabuni inayobaki itoe povu. Yaani maji yanakula sabuni kabla nguo haijaionja.

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa tatu zinazolingana, zenye vifuniko. Moja tia maji ya mvua, moja ya bomba, moja ya bomba uliyoyachemsha, yakapoa, ukayamimina ukiacha mashapo yaliyotuama chini. Paruza sabuni, iyeyushe kwenye maji ya mvua ya vuguvugu, tia kijiko kimoja kimoja kila chupa, kisha tikisa ukihesabu mpaka ishirini. Niandikie ulichokiona.

Nina maswali mawili. La kwanza, sabuni ilianza kugoma lini hasa, mwezi gani? Maji hayabadiliki bila sababu. La pili, Mama aliondoka hapo kwako kwa nini? Mliishi pamoja tangu Baba afariki, mkafua pamoja, kisha siku moja akashuka hapa na mfuko mmoja. Mwaka mmoja na nusu nimemuuliza, jibu lake ni lile lile: muulize shangazi yako. Basi nakuuliza. Nataka kujua mama yangu alifanya nini.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa jino la mkubwa. Paka wadogo wamefumbua macho na mmoja ameshaunguza mkia kwenye pasi.

Chupa zako zimenitia wazimu. Ya mvua ilijaa povu mpaka kwenye kifuniko, nikafagia uwanja mzima nikarudi nikalikuta bado. Ya bomba ilifanya maziwa yenye mabonge, povu hata la kusingizia hakuna. Ya kuchemsha ilitoa kidogo, likafifia nikiwa natazama. Sikuishia hapo. Nimetikisa maji ya tangi la zahanati, ya kisima cha mwenye duka, ya ndoo ya fundi viatu, jumla saba. Kila nyumba nikipita wananificha chupa zao. Fundi viatu ananiita Daktari wa Maji, na anasema ameshakaa mkao wa kupimwa na yeye.

Furushi moja nimelifua kwa maji ya pipa la mvua. Mwanangu, weupe ulirudi kama mtu aliyetoka safari. Lakini pipa lile halifiki furushi la pili, na mvua haiji kwa kuitwa.

Kuhusu ile chumvi yako, nilitia konzi mbili kwenye pipa la maji ya bomba. Povu halikuja, mikono ikaniwasha wiki nzima, na waya wa kuanikia umeshika kutu. Nimekosea wapi?

Swali lako la kwanza, tarehe siikumbuki vizuri, ni uzee. La pili, naona karatasi imekwisha.

Shangazi yako


3 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tuko salama. Mdogo amejifunza kufungua bomba na bado hajajifunza kulifunga.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Upande wa nyuma wote ulikuwa mtupu. Nimeutumia kuandikia vitu vya sokoni.

Chumvi ile huosha punje za kwenye mtungi, haioshi maji. Bila punje, chumvi ni chumvi tu. Nisamehe, mimi ndiye niliyeeleza nusu. Mtungi wenyewe kwa nyumba yako ni mzigo, kwa hiyo tufuate njia ya zamani. Nunua magadi ya kufulia, yale meupe ya unga. Yayeyushe kwenye maji ya moto, mimina kwenye pipa la maji ya bomba, koroga, acha. Maji yatafifia kama yamepata ukungu, kisha chokaa itatua chini. Teka ya juu kwa kopo, taratibu, ya chini usiyaguse. Kipimo usiniulize mimi, iulize chupa: ongeza kidogo kidogo mpaka maji ya bomba yatoe povu linalokaribia la mvua, hapo umefika. Vaa glavu, maji hayo usiyanywe, na nguo isuuze vizuri. Mashuka yaliyokwisha kuwa ya kijivu yaloweke kwenye maji ya moto yenye magadi hayo hayo kabla ya kuyafua. Birika lichemshie siki na maji, liache lipoe, lisugue, lisuuze mara mbili.

Mashuka ya fundo jekundu ndiyo uanze nayo, maana hayo hayavumilii kusuguliwa sana.

Na jambo moja. Nakumbuka nikiwa mdogo bomba la hapo lilikuwa likitoa maji ya bwawani, wakati wa mvua yana rangi ya udongo. Bado ni hayo? Kama yamebadilishwa, ilikuwa lini? Naona unajibu kila kitu ila tarehe.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magadi nimeyapata, nashukuru.

Mashuka ya chumba cha kujifungulia nayafunga kwa uzi mwekundu ili yasichanganyike na mengine. Wewe hujapata kuniona nikifanya hivyo, nilianza ukiwa umeshaolewa. Wanaolijua fundo hilo ni wawili. Mmoja ni mimi.

Nani anakusaidia kuandika barua?

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umenikamata.

Barua zako huwa nazisoma kwa sauti jikoni. Mama hukaa amenipa mgongo, anaosha vyombo, na siku ya barua sahani moja inaoshwa mpaka inachoka. Hajaniambia niache. Uliposimulia habari ya konzi mbili za chumvi alicheka, Shangazi, alicheka mpaka akashika meza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ashuke hapa. Kisha akakumbuka kitu, akaendelea na sahani. La fundo jekundu alilisema bila kugeuka: mwambie aanze na ya fundo jekundu. Nikaandika. Hajachangia zaidi ya hilo.

Nimemuuliza tena, akasema muulize. Nimekuuliza, ukasema karatasi imekwisha. Nyinyi wawili mnanirusha kama mpira, na mimi nimechoka. Sitauliza mara nyingine.

Ila la maji nijibu. Hilo ni la kazi yangu, na usingizi linaninyima.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimekawia wiki saba. Barua yako niliiweka chini ya chupa ya maji ya bomba, dirishani, na kila nikipita inanitazama. Paka wote wamepata kwao, isipokuwa yule wa mkia ulioungua, huyo ni wangu sasa. Birika limetakata. Magadi yamefanya kazi. Nilipata kipimo siku ya nne, na mashuka ya fundo jekundu sasa unaweza kumfunika nayo mtoto wa mfalme.

Nakujibu. Bomba letu lilikatwa kutoka maji ya bwawani likaunganishwa na kisima kirefu mwaka juzi, mwezi wa Agosti. Tulifurahi, maji yamekuwa maangavu, tope limekwisha. Mama yako aliondoka Septemba.

Unaona sasa kwa nini tarehe ilinikaa kooni. Maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Kwetu kulikuwa na sheria, aliiweka mama yangu: kipande kimoja, furushi moja. Mche wa sabuni naukata kwa uzi, kila kipande nakitia alama ya sindano, na alama hizo nazijua mimi. Siku zile mimi nilikuwa ndani kwenye pasi, mama yako yuko uani kwenye beseni. Mwezi huo wa Agosti vipande vikaanza kwenda viwili kwa furushi, kisha vitatu. Nikamuuliza, akasema wifi, sabuni haitoi povu. Nikamwambia povu limetoka miaka yote hiyo, leo limesikia habari gani? Nikanunua kufuli, nikalitia kwenye kabati la sabuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Mtaa mzima ulishaniita mkono wa birika, nikaona acha waite.

Hata kufuli halikunitosha. Ijumaa moja, siku ya watu kuchukua nguo zao, uwanja umejaa, fundi viatu yupo, Bi Miwani yupo, nikasema kwa sauti: "Wifi, sabuni yangu siku hizi unaiuza wapi?"

Alikuwa anakamua shuka. Aliliweka chini, akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama. Asubuhi yake aliosha beseni lake, akalifudikiza ukutani, akaondoka.

Baada ya hapo nikaanza kufua mwenyewe, na sabuni ikaenda kwa mwendo ule ule. Nikasema ni sabuni mbovu. Nikasema ni mikono yangu imezeeka. Wewe uliponiandikia kwamba maji yanakula sabuni, nilielewa hapo hapo, nikiwa nimesimama mlangoni. Ndipo karatasi ilipokwisha. Sikuwa na njaa siku mbili.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde. Nilifunga lango, nikafunga mafurushi mawili sawasawa, mashuka sita hili, mashuka sita lile. Moja kwa maji ya mvua, moja kwa maji ya bomba matupu, bila magadi. Vipande vyangu vya sabuni vyenye alama nikavipanga benchini. La mvua lilikula kimoja na kikabaki kidogo. La bomba lilikula vitatu. Vitatu, kama vyake. Na humo uani nilikuwa peke yangu.

Nililia, mwanangu. Nilikaa kwenye benchi la kufulia nikalia mpaka maji ya beseni yakapoa.

Haya yanayofuata msomee jikoni, usiyapunguze. Wifi, hukuiba. Ulinieleza ukweli nikakufungia kabati. Nilikuvunjia heshima, na wewe ndiye uliyemfumba macho kaka yangu alipokufa, mimi nikiwa nimeshindwa. Nisamehe. Ufunguo wa kabati nimeutia kwenye bahasha hii. Kaa nao wewe.

Shangazi yako


27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimemsomea yote, sikupunguza.

Alifunga bomba. Akavuta kiti, akakaa. Akaniomba nirudie pale penye vipande vitatu, nikarudia. Akauliza, hayo mafurushi yalilingana kweli, alihesabu? Nikamwambia sita kwa sita. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema kumbe ni chokaa. Alidhani amechanganyikiwa, Shangazi. Miezi yote hii alikuwa akijiuliza kama mikono yake ndiyo ilisahau kufua.

Kisha alilia, na mimi nikalia, na mdogo alipotuona akalia bila kujua kwa nini. Mama anasema amekusamehe. Alilisema mara moja, wala hakusita.

Lakini ufunguo ameukataa, nimeurudisha humu ndani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mwambie aliniuliza Ijumaa, mbele ya watu. Jikoni kwako hakuna wateja. Na ufunguo wa nini, kama nikirudi bado kuna kufuli?"

Mwanao


20 Julai

Wifi yangu,

Leo nakuandikia wewe. Magoti yale yale, paka mzima, pipa la mvua limejaa nusu.

Jana ilikuwa Ijumaa. Bi Miwani alifika mapema kuchukua furushi la mwisho kabla ya kuamua. Alilifungua, akalipeleka shuka juani, akaligeuza huku na huku, akasema kazi ya zahanati inabaki hapa. Wifi, nakwambia kweli, shetani alinishika mkono. Nilitamani nipokee sifa, nimsindikize, nilale. Uwanja ulikuwa umejaa kama siku ile.

Nikaziweka chupa mbili kwenye meza ya pasi, ya mvua na ya bomba, zote nimezitia sabuni. Moja nikampa fundi viatu, nyingine Bi Miwani, nikawaambia watikise. Walidhani ni mchezo. Ya fundi viatu ikajaa povu, ya Bi Miwani ikafanya utando. Watu wakasogea. Nikasema: "Mnamkumbuka wifi yangu, niliyemuuliza hapa hapa anauza wapi sabuni yangu? Hakuuza. Mwizi ni huyo aliyemo ndani ya chupa, na wifi aliniambia tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyesema uongo mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Bi Miwani aliishika ile chupa kama imekuwa nzito, akavua miwani. Akasema siku ile aliniamini, na alikutana nawe njiani kesho yake asubuhi ukiwa na mfuko wako, akageuza uso. Ameniomba nikwambie anaona haya. Basi nimekwambia.

Baadaye kila mtu alitaka kutikisa. Fundi viatu alijaza chupa yake nyingine maji ya bomba, akaenda kumwonyesha mkewe, nadhani na kwao kuna maneno ya sabuni. Jioni alirudi na koleo, akaling'oa kufuli na komeo lake. Yamebaki matundu manne kwenye mlango wa kabati, nimeyaacha bila kuyaziba.

Ile sheria ya kipande kimoja nimeifuta. Sasa tunauliza chupa kwanza.

Beseni lako liko pale pale ukutani ulipolifudikiza. Sijalifunua.

Wifi yako


29 Julai

Wifi,

Mwandiko huu ni wangu, nivumilie. Watoto hawajambo, mwanetu anakusalimu, anasema usingizi sasa anaupata.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara mbili. Nakuja Alhamisi na basi la asubuhi, nina blanketi la fundi viatu. Mashuka ya fundo jekundu usiyaguse mpaka nifike. Beseni nitalifunua mimi.

Na zile chupa mbili usizimwage. Nataka kuzitikisa kwa mkono wangu.

Wifi yako